Mawe Saba Juu ya Mama Yangu

Mama yangu hakuweza kupita jiwe bila kuligonga. Aliokota moja kwa mukono wa kuume, lingine kwa mukono wa kushoto, akayagonganisha karibu na sikio. Lile lenye sauti alilitia ndani ya kitenge, lile bubu akalitupa. Kazi yake ilikuwa kukausha samaki kwa moshi, ng'ambo ya ziwa Mweru, upande wa Congo, na mukausha samaki anayekosea mawe ya mafiga atajuta. Jiwe baya likipata moto linapasuka kama risasi. Mara moja, mbele mimi sijazaliwa, moja lilipasuka likamuunguza shavu, na chanja nzima ya samaki ikaanguka ndani ya majivu. Kovu lilibaki.

"Jiwe yenye kulia ni jiwe muzima," alikuwa akisema. "Yenye kunyamaza iko na kidonda ndani. Siku moja itakupasukia."

Mimi nilikuwa ninamuonea haya. Alikuja kunitembelea Lubumbashi, wakati nilikuwa asistanti kule iniversite, na nikamukuta kwenye njia ya changarawe mbele ya madarasa, ameinama, anagonga mawe, wanafunzi wangu wanapita huku wanabana kicheko. Nikamuvuta mukono. Nikamuambia, "Mama, hapa si sokoni!" Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba mawe ya hapa ni mabaya matupu, na kwamba hawa wasomi wote wangekufa na njaa kama mutu angewapa samaki mubichi na kuwaacha. Mimi ni mutu wa hasira ya karibu, sikucheka. Leo ninacheka peke yangu, na haisaidii kitu.

Wakati ule nilikuwa ninaandika memware, kitabu changu cha kumaliza masomo, juu ya historia ya Ulaya, karne zile ambazo wafalme wa kule walikuwa wanapigana kwa ajili ya dini na vyombo vyao vilianza kufika pwani zetu. Usiniulize kwa nini mutoto wa mukausha samaki alichagua Ulaya. Mapadri walikuwa na nakala za vitabu vya parokia moja ndogo ya kule, ambamo padri aliandika ubatizo, ndoa na maziko, mustari kwa mustari, na mimi nilishikwa na maziko. Kulikuwa na mistari ambapo padri hakuwa na la kusema: mwanamuke, mugeni, amekutwa barabarani, amezikwa, jina halijulikani. Basi. Niliifuata mistari ile kwa miaka. Nilitaka kujua wale wanawake walikuwa wanakimbia nini, njaa, vita, au waume zao.

Nilipomuelezea mama kazi yangu, aliniuliza swali moja tu. "Hakuna hata mutu moja alimuuliza jina mbele ya kufa?"

Nikamujibu kwamba historia haifanyi kazi na maswali ya namna hiyo. Nilikuwa mujinga mwenye diploma.

Kisha vita ikakaribia kwetu. Nilikuwa nimeshuka ziwani na makaratasi yangu yote ili nimalizie memware kwa mama, mahali pa utulivu, eti. Nyumba iliungua na makaratasi ndani. Sisi tulivuka ndani ya mutumbwi wa wavuvi, watu tumebanana, mama ana homa ya siku tatu na kichwa chake kiko juu ya magoti yangu. Tulitua asubuhi upande wa Zambia, mahali pasipo na bandari, mbali na soko la Kashikishi: muchanga, matete, na nyuma yake kilima kidogo. Mama alikufa nguo zetu hazijakauka bado. Alikuwa amenishika kidole. Si mukono, kidole.

Tukaambiwa malori ya kupeleka wakimbizi kwenye kambi ya Kenani yataondoka saa sita, na anayebaki amebaki. Wavuvi wawili tuliovuka nao walichimba kule kilimani, mumoja na jembe la kuazima, mwingine na kasia. Hatukuomba ruhusa. Ardhi ilikuwa ya wenyewe, na tuliogopa tukiomba tutakatazwa, au tutaambiwa tungojee mukubwa wa kijiji arudi kutoka sokoni na lori litutoroke. Tulimuzika na kitenge chake. Sikuwa na musalaba, sikuwa na ubao, sikuwa na kalamu hata ya kuazima. Mimi, mutu wa vitabu vya maziko! Nilijiona kinyaa.

Basi nikashuka kwenye korongo lile linaloteremka ziwani, ambako mvua inakula udongo na mawe yanatokeza, nikafanya kitu kimoja alichonifundisha. Niligonga. Nilichagua saba yaliyolia vizuri kuliko mengine yote, mazito, yenye umbo la jani, kingo zake zimekatwa vizuri kama mutu alikuwa na kusudi. Sikuwaza ni mutu gani. Nikayapanga juu yake, moja kichwani, moja miguuni, matano ubavuni, upande wa ziwa. Kisha nikakimbilia lori.

Miaka ikapita ndani ya kambi. Nililima mihogo, nilifundisha watoto kusoma chini ya turubai la shitingi, nikajifunza Kibemba cha sokoni. Mara chache nilitembea hadi kilimani, nikang'oa majani, nikarudi. Nilikwenda kama mwizi. Kuzika maiti kwenye ardhi ya watu bila kusema ni kosa kwetu na ni kosa kwao, na kila mwaka niliponyamaza kosa lilinenepa. Sikumuambia mutu yeyote, hata padri.

Ndipo akafika profesere. Muzungu, mwanamuke wa nywele nyeupe, mukavu wa maneno, anasema Kifaransa cha haraka. Alikuwa anatafuta watu wa kale kabisa, wale walioishi kando ya maji haya mbele ya chuma, mbele ya chungu, mbele ya muhogo wenyewe. Watu hao hawakuacha mifupa hapa, aliniambia, waliacha mawe waliyochonga. Alikuwa na mwanafunzi wake, dada mumoja Muzambia aliyekuwa anaandika tezi, kitabu chake cha kupata udaktari. Walikuwa wameajiri Wakongo kuchimba na kuchekecha udongo, na walihitaji mutu wa kutafsiri ambaye pia anajua kuandika ndani ya daftari bila kuharibu. Nikaandikwa kazi siku ile ile.

Asubuhi ya kwanza profesere alitukusanya atuonyeshe jinsi ya kutambua jiwe lililochongwa. Aliokota mawili. Akayagonganisha karibu na sikio. Akasema, na mimi nikatafsiri kwa Kiswahili, kwamba watu wa kale walichagua hivi, maana jiwe lenye ufa ndani lina sauti iliyokufa na haliwezi kuchongwa. Kisha akafungua kisanduku na kutuonyesha mufano wa kile anachotafuta: jiwe zito, umbo la jani, kingo zimekatwa.

Yoo! Sauti ikanikauka katikati ya sentensi, wenzangu wakaniangalia. Nikasingizia vumbi.

Nilielewa pale pale. Mawe niliyomupa mama yalikuwa ya wale watu. Wao waliyachagua kwa sikio, mimi nikayachagua kwa sikio lile lile, na sasa yalikuwa yamepangwa yote saba juu ya kilima, yanangoja mutu mwenye macho apite. Ilikuwa kazi yangu kusema siku ile. Sikusema. Profesere alikuwa ameshaniuliza juu ya memware yangu, na aliposikia juu ya vile vitabu vya maziko akasema kule kwenye iniversite yao kuna nafasi za watu kama mimi waliokatwa katikati ya masomo. Angeniandikia barua mwisho wa kazi. Nyinyi ambao hamjawahi kulima muhogo wa kambi mukiwa na diploma kichwani hamujui barua ni nini.

Nikajidanganya kwamba kilima kiko mbali na mahali tunapochimba.

Yule dada mwanafunzi alikuwa mutu wa kutembea. Misimu miwili alikuwa amechimba hapa na pale kando ya ziwa na kupata vipande vilivyosombwa na maji, hakuna kitu kilicholala mahali pake. Tezi yake ilikuwa inakufa, alinielezea mwenyewe tukila dagaa wa chisense na ugali wetu, bukari, na alicheka aliposema hivyo, lakini vidole vyake vilikuwa vinavunja bukari bila kuipeleka kinywani. Aliniita Bamayo, kama wanavyoita hapa mwanamuke wa kuheshimiwa. Nilimupenda. Nilikuwa ninajua tezi inayokufa inamufanya mutu awe namna gani.

Jumatano alirudi anakimbia. "Bamayo! Bamayo, njoo uone!" Alikuwa na jiwe moja ndani ya kifuko cha nailoni, lile la kichwani. Nililitambua kama unavyotambua sahani ya nyumbani kwenu. Alisema yako mengine sita, yote pamoja, juu ya kilima, hayakusombwa na maji, yamepangwa. Yamepangwa! Machozi yalimutoka. Profesere, yule mukavu, alimukumbatia. Jiwe likapewa namba, likaingia sandukuni, na Ijumaa sanduku likaenda Lusaka na gari.

Jumatatu tulipanda kilimani. Profesere akapima, yule dada akapigilia vigingi vinne, na akanipa ncha ya kamba niivute hadi kigingi cha pili. Nikaivuta. Nataka niliseme hili wazi kwa sababu nimelificha vya kutosha: nilishika kamba mwenyewe, nikaikaza vizuri isilegee, na kamba ikapita juu ya miguu ya mama yangu. Ndani ya kichwa changu kulikuwa na barua tu.

Walitoa majani. Walichora mawe sita ndani ya daftari, kila moja mahali pake, kisha wakayainua. Yule dada akapiga magoti na mwiko wake mudogo, akaanza kukwangua udongo, kidogo kidogo, kwa upole, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni na daftari nikiandika rangi ya udongo. Nilikuwa ninaandika. Mukono wangu ulikuwa unaandika vizuri kabisa, na ndipo nikaona kwamba nimeshaanza ule mustari. Mwanamuke, mugeni. Wangemufikia jioni, wangemuandika, na nafasi ya jina ingebaki wazi, na karani wa mustari ule angekuwa mimi, mutoto wake.

Yule dada akaacha mwiko. "Udongo ni mulaini," akasema polepole. "Umechanganyika. Hapa palichimbwa."

"Acha!" Nilipiga kelele, hata ndege wa matete waliruka. "Acha, mwanangu, toa mikono. Ni mama yangu."

Wote waligeuka. Nikaanguka chini pale kwenye kamba, nikasema yote: mutumbwi, kasia, lori, korongo, jinsi nilivyogonga, jinsi nilivyopanga. Nilisema kwa Kiswahili, sikuweza lugha nyingine. Profesere hakuelewa neno, akaelewa jambo. Wachimbaji wenzangu walivua kofia. Mwenzetu mumoja akamuelezea yule dada kwa Kibemba, na nikauona uso wake ukizimika. Hakuulizia tezi yake. Aliniambia kitu kimoja.

"Bamayo, kamba ulishika wewe."

Nikaanza kufungua kamba kwenye kigingi.

Wakubwa wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi niliumbuliwa mara mbili siku ile, maana ilibidi twende kwa mukubwa wa kijiji. Ni mwanamuke wa umri wangu, anauza samaki Kashikishi. Nilipiga magoti mbele yake, nikakiri, nikangoja aniambie mutoe maiti wenu. Alikasirika, eeh, sijawahi kutukanwa hivyo tangu nizaliwe. Lakini hasira yake haikuwa juu ya ardhi.

"Mutu amekufa kwenye pwani yetu," alisema, "na sisi tulikuwa hapa, tunauza samaki, tunacheka. Hukutuita. Umetuibia kilio. Unafikiri sisi ni batu gani?"

Sikuwa nimewaza hivyo hata siku moja. Miaka yote ile niliogopa watanifukuza, kumbe wangekuja kukaa na mimi chini.

Walikuja. Wiki iliyofuata wanawake wa kijiji walipanda kilimani na vitenge vyao kiunoni, wakaketi chini, wakaimba nyimbo za kanisa kwa Kibemba, na mama yangu akaliliwa na watu, miaka mingi baada ya siku yake. Yule dada mwanafunzi alikuja pia. Aliketi upande wa mbali, hakunisemesha. Profesere alikuwa ameshafukia udongo kwa mikono yake na kurudisha mawe sita kufuata mchoro wa daftari, kila moja mahali pake kabisa. Mahali pa kichwani palikuwa patupu.

Siku ya kulipwa profesere aliniita. Hakunikaripia, ingekuwa afadhali. Alisema barua anaweza kuandika, na ataandika kwamba ninafanya kazi vizuri, ila hawezi kuandika kwamba ninaweza kuaminiwa kusema kile ninachokijua. Kwenye kazi yao mutu akinyamaza mara moja, daftari zima linaharibika. Hasira ikanipanda. Nikamuambia basi aache, asiandike kitu. Nilifika nusu ya njia ya kambi ndipo nikaelewa kwamba alikuwa na haki, na sikurudi kumuambia.

Hivyo ndivyo barua ilivyopotea. Bado ninalima mihogo. Watoto wangu wa kusoma ni wengi kuliko zamani.

Mwaka uliofuata, kiangazi kilipofika, yule dada alikuja kambini peke yake. Alikuwa amekonda. Alisema tezi imepata njia nyingine: anaandika juu ya korongo, mahali yalipotoka yale mawe, kwa sababu nilipokuwa ninalia pale kwenye kamba nilitaja korongo, na yeye alilisikia mwenzetu alipomutafsiria, hata kama alikuwa amekasirika. Alikuwa bado amekasirika kidogo, alisema. Nikamuambia ana haki. Kisha akafungua mukoba, akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi laini.

Lilikuwa jiwe la kichwani. Ilimuchukua karibu mwaka kulitoa kule Lusaka, barua kwa barua, mukubwa mumoja kwa mwingine. Walikuwa wamelisafisha, na kwenye ubavu walipaka tone la rangi nyeupe, na juu ya rangi wakaandika namba kwa wino mweusi, herufi ndogo kama chawa. Nililigeuza mikononi. Kaburi la mama yangu halikuwa limewahi kuandikwa kitu, na sasa limeandikwa namba.

"Namba nimeshindwa kuifuta," akasema. "Ikifutwa, kule kwenye vitabu jiwe linapotea."

Tulipanda kilimani pamoja. Ziwa lilikuwa tulivu, mitumbwi ya kisiwa cha Chisenga inarudi na samaki. Nilichuchumaa niliweke jiwe mahali pake, na yeye akanishika mukono, akasema ngoja. Akatoa kichupa cha rangi nyeupe na kalamu ile ile nyembamba ya kuandikia mawe. Akachukua jiwe, akalilaza juu ya goti lake, akapaka mustari mweupe chini ya namba, akaupuliza mpaka ukauke. Kisha akaniangalia.

"Bamayo, hatujawahi kukuuliza," akasema. "Mama aliitwa nani?"

Tangu mutumbwi ule hakuna mutu aliyekuwa ameniuliza, na mimi mwenyewe nilikuwa nimesema mama, mama, mpaka jina likakaa bila kazi. Akangoja. Nikalisema. Hakujua linaandikwaje, ni jina la kwetu, basi akaniomba nimutajie herufi moja moja, naye akaandika, na kila alipomaliza moja alinigeuzia jiwe nihakikishe.